Herufi moja iliyotulaza ofisini siku tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu ya teknolojia. Wiki iliyopita aliandika kwamba kampuni yenye kompyuta mbili zinazotumia kanzidata moja haina cha kuhofia, mradi inachukua nakala rudufu kila wiki. Kijana anaandika vizuri na sina ugomvi naye. Ila hapo kwenye nakala kanigusa pabaya, maana kazi hiyo nimeifanya miaka 26 huko Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani, kwenye kampuni ya bima ambayo sitaitaja, kabla sijarudi Tanga kupumzika.

Sisi tulikuwa na IMS. Wengi hamjaisikia, lakini ni programu ya IBM ya kusimamia kanzidata, na ilianzia kwenye mradi wa Apollo wa kwenda mwezini. Ilitoa ujumbe wake wa kwanza tarehe 14 Agosti 1968 huko Downey, California, na mpaka leo inabeba fedha za watu. Kwetu ilikuwa mifumo miwili kwenye meinfremu mbili, yaani zile kompyuta kubwa za makampuni, yote ikiandika kwenye faili zile zile, kila mmoja na logi yake, yaani kumbukumbu ya kila badiliko ulilolifanya. Diski ikifa, nakala ya Jumapili peke yake haikufikishi popote. Unachukua logi za pande zote mbili unazisuka kwa mpangilio wa wakati, kwa sababu mteja mmoja ameguswa na mfumo wa kwanza saa nne kamili, na wa pili saa nne na dakika moja. Ukitumia logi ya upande mmoja, umemsikiliza mlalamikaji ukamwacha mshtakiwa mlangoni.

Anayejua logi ipi iko kwenye tepu ipi ni programu iitwayo DBRC, na daftari lake linaitwa RECON. RECON huwa tatu: mbili zinaandikwa sambamba, ya tatu inakaa akiba. Mzee aliyenifundisha alinifokea siku ya kwanza kwa kuzipa zote nafasi sawa. Zikilingana, alisema, zitajaa siku moja, na hiyo akiba itakuwa akiba ya nini? Tukazipa ukubwa tofauti, ya akiba ikawa kubwa kuliko zote, kila moja na diski yake. Kisha mifumo yote miwili na kila kazi ya usiku ielekezwe kwenye RECON hizo hizo, na kila kanzidata isajiliwe na kiwango chake cha kushirikiana: 0 ni ile isiyotaka mwenzake, 3 ni ile inayoandikwa na mifumo ya mashine tofauti kwa pamoja.

Yote hayo tuliyafanya, na balaa likatukuta.

Usiku mmoja mwenzetu wa zamu aliipanga upya kanzidata ya malipo. Baada ya kazi hiyo DBRC huweka alama kwamba nakala mpya inatakiwa, na hairuhusu kuandika mpaka ichukuliwe. Kazi ya malipo ikakataliwa. Ilikuwa saa nane usiku, usingizi umemjaa, na meneja yuko kwenye simu. Akafungua maagizo ya kazi, yaani JCL, akabadili herufi moja: DBRC=Y ikawa DBRC=N, yaani DBRC isihusishwe. Kazi ikapita. Nakala ikachukuliwa asubuhi yake, lakini ile N ikabaki pale pale.

Tangu hapo kazi ile ikawa inaandika kila usiku na DBRC haina habari. Bahati yetu tu saa hizo mifumo ya mchana ilikuwa imeiachia kanzidata hiyo, la sivyo zingegongana. Wiki kadhaa baadaye, Alhamisi asubuhi, diski ikafa. Nikaiambia DBRC iandae urejeshaji; ikazisuka logi ilizozijua, kazi ikaisha kwa sifuri, maana yake hakuna kasoro. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, programu ya kukagua vielekezo, yaani alama zinazounganisha rekodi moja na nyingine, ilikuwa imejaza kurasa kwa kurasa za rekodi zinazoelekeza mahali pasipo na kitu. Malipo ya usiku wa Jumapili hadi Jumatano hayakuwemo.

Logi zake zilikuwepo kwenye tepu, ila hakuna daftari lililozitaja. Tulizisaka kwa macho, jina baada ya jina kwenye orodha ya tepu, siku tatu, watu wanalala kwa zamu chini ya meza. Tepu ya Jumapili ilikuwa imebakiza usiku mmoja ifutwe.

Tulipomaliza tuliiunda upya IMS kwa neno FORCE, ambalo huifanya N ya kwenye JCL isisikilizwe. Ni neno moja tu, na lilikuwa kwenye vitabu vyetu miaka yote.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wako, akienda tena kwenye hizo kampuni, asiulize kama wanachukua nakala. Wote watamjibu ndiyo. Aulize ni lini mara ya mwisho walirejesha kanzidata inayoshirikiwa kwenye diski tupu, kwa logi za mifumo yote pamoja na za kazi za usiku, na aandike tarehe watakayomtajia.

Mstaafu wa meinfremu,
Ngamiani, Tanga