Yah: Kisu nilichouziwa kuwa hakishiki kutu

Wete, Pemba

Kwa Meneja,

Asalaam aleykum. Mimi ni mvuvi. Mwezi uliopita nilivuka kuja Unguja, nikaingia dukani kwenu Darajani kutafuta kisu cha kwendea dago, kule tunakopiga kambi ya kuvua. Nilitaka kile cha Sweden, cha namna ya Mora: kifupi, mpini wa plastiki usioteleza mkono ukirowa, ala ya kuning'iniza kiunoni, na bei ninayoiweza. Kijana wenu nilimwambia mara mbili kwamba nataka kisichoshika kutu, kwani mimi nashinda kwenye maji ya chumvi. Akanipa kimoja, akasema, "Ndicho hiki, ami." Nikalipa shilingi 65,000.

Usiku wa kwanza kisiwani Misali nilikikatia chambo, kisha ndimu za kutia kwenye mchuzi, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha alani. Alfajiri nakichomoa, bapa limeingia weusi pale palipopita ndimu, na karibu na mpini kutu nyekundu imeshaota. Niliporudi nyumbani nililitafuta boksi lake. Limeandikwa wazi kabisa: karboni, yaani chuma kinachoshika kutu.

Kisu chenyewe sikisemi vibaya. Karboni hunoleka upesi, na mkata kuni wa bara kingemfaa sana. Hata umbo lake nalipenda: kila upande una mteremko mmoja tu mpana hadi kwenye makali, ukiulaza juu ya kinoo unanoa bila kukisia. Lakini chuma hicho hakina kromi ya kutosha kuzuia kutu, na chumvi haikingoji mpaka nifike nyumbani nikipake mafuta. Nimekisugua kwa jivu, kutu imetoka, vishimo vimebaki.

Nilipokupigieni simu niliambiwa kisu kilichotumika hakirudishwi. Sasa mimi ningejuaje bila ya kukitumia? Nilichokosea ni kumwamini muuzaji.

Naomba mnibadilishie, mnipe kisichoshika kutu cha ukubwa ule ule. Kama bei yake imezidi, nitaongeza. Hiki nitakileta kwa boti pamoja na boksi na risiti. Tena tafadhali vitengeni kabatini, maana kwa macho vinafanana, na vijana wenu waelekezwe kusoma boksi kabla ya kumwitikia mteja.

Wenzangu wawili wa chomboni wanataka visu kama hivi kabla ya bamvua lijalo, wananiuliza wakanunue wapi. Bado sijawajibu.

Wenu,
Mteja, Wete