Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, salamu. Wengine wenu mwaka mzima hatujaonana.

Shughuli za kawaida mnazijua: Idd mbili, hitima, kuwatembelea wagonjwa, darasa la Kiswahili la watoto. Zote zilifanyika. Mapato pauni 1,100, matumizi 872, salio 228. Anayetaka mchanganuo amwone mweka hazina.

Nije kwenye mandari, maana ndiyo iliyosemwa sana. Kwa pendekezo langu, kamati iliamua tusiende bustanini kama kila mwaka, twende Souter, karibu na South Shields, pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, kuona mnara wa taa na jumba la honi ya ukungu, yaani honi kubwa ya kuonya meli ukungu ukitanda. Kwenye kundi letu la WhatsApp ikaandikwa kwamba mwenyekiti amemaliza pesa za pilau ili awaonyeshe watu tarumbeta bovu.

Kwanza, pilau ililiwa, na sahani zilirudi tupu. Pili, chama hiki kilianzishwa na mabaharia. Wazee wetu kule kwetu walijua kusi, kaskazi na miamba; ukungu wa bahari hii waliukuta huku. Mnara wa Souter ulianza kazi 1871 kwa sababu ya miamba ya Whitburn iliyokuwa ikivunja meli, na ndio wa kwanza duniani kujengwa makusudi kwa taa ya umeme wa mkondo geu (AC, kama huu wa majumbani). Lakini ukungu ukishuka, taa hata iwe kali vipi haionekani. Hapo ndipo honi inapofanya kazi: mashine zinashindilia hewa kwenye matangi, hewa inafunguliwa kwa mpigo, mlio unatokea kwenye pembe zilizoelekezwa baharini. Kila kituo kilikuwa na mpigo wake, hivyo nahodha asiyeona hata ncha ya meli yake alihesabu sekunde za kimya akajua yuko wapi. Na msidhani ukungu unameza sauti. Mwanasayansi John Tyndall alijaribu mizinga, firimbi na ving'ora kwenye mnara wa South Foreland, kusini mwa Uingereza, kuanzia 1873, akakuta mlio hupenya ukungu vizuri, na pengine hupotea siku ya jua kali.

Mzee wetu mmoja, aliyekuwa mtia makaa melini, alisimama mbele ya zile pembe akawaeleza watoto jinsi injini zilivyokuwa zikizimwa ili nahodha na wenzake juu wasikilize honi. Watoto walinyamaza, jambo ambalo darasani sijaliona. Hilo peke yake linanitosha kuutetea uamuzi wangu.

Honi ile ilistaafishwa 1988. Mwaka 2013 meli zaidi ya 50 na bendi tatu za matarumbeta zilikusanyika pale kupiga nayo pamoja. Sisi basi la viti 33 lilitushinda kujaza. Walipanda 19, na lilikwisha kulipiwa pauni 480. Hasara ni ya waliojiandikisha wasitokee, si ya mwenyekiti.

Mkutano mkuu uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Wanachama ni 61, waliolipa ada ya pauni 30 ni 23. Majina ya wengine sitayataja, ila daftari nimeliona, na baadhi ndio waandishi hodari wa WhatsApp.

Mwakani, inshallah, tunatumaini kuanza kurekodi simulizi za wazee, na ukumbi wa kudumu ukipatikana itakuwa vizuri zaidi. Wanaotaka mandari irudi bustanini walete hoja mkutanoni, wakiwa wameshalipa ada.