Tohara si mbadala wa kondomu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vijana waliotahiriwa na matumizi ya kondomu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote Tanzania Bara. Bado huku Makambako nasikia vijana waliopitia jandoni wakisema aliyetahiriwa hana haja ya kondomu. Imani hiyo inaua. Tohara ya kitabibu hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, haiiondoi. Ile ya jadi, ambayo wakati mwingine huacha sehemu ya govi, haina hata uhakika huo.

Kuna na aibu. Boksi la kondomu za bure huwekwa karibu na dirisha la dawa, na kwenye benchi wamekaa shangazi na majirani. Kijana gani atachukua? Zipelekwe nyumba za wageni, vijiwe vya bodaboda na kambi za wapasua mbao. Vilevile, waganga wakuu wa wilaya wakae na mangariba ili somo la kondomu litolewe jandoni, maana huko kijana humsikiliza mzee kuliko bango lolote.

Msomaji,
Makambako, Njombe