Sijapigwa shoga

Shoga yangu wa mie,

Meseji yako juu ya picha za sarafu zangu za zamani nimeiona nikacheka peke yangu kwenye treni, eti "fedha gani inageuka nyekundu, wamekupiga hao". Sijapigwa bwana! Ndo zilivyo hizo, fedha haifiki hata nusu, iliyobaki shaba, na aliyechanganya ni serikali yenyewe ya Kaizari wa Austria wala si matapeli wa hapa gulioni Vienna.

Ile uliyozungushia duara ni kreuzer sita ya 1849 (kreuzer ndo visenti vya huku enzi hizo, 60 zinafanya gulden moja), fedha yake 438 kwa elfu na uzito haufiki gramu mbili. Ujue 1848 huku kulichafuka, Vienna mapinduzi, Hungaria nako moto, basi watu wakaficha kila sarafu ya fedha wakabaki na makaratasi na chenji hakuna, yani mtu anachukua noti ya gulden moja anaichana vipande vinne kipande kimoja ndo robo anaenda nacho dukani. Ndo wakatoa hivi visarafu vya fedha hafifu, maana nani atahangaika kuvifukia? Chini kuna herufi ya mji ilikogongwa, A ni Vienna, C ni Prague, B ni Kremnica. Mi A ninazo kibao, B bado naisaka.

Sasa huo wekundu. Kabla ya kugonga chapa walikuwa wanazipitisha kwenye asidi, shaba ya juu inaliwa inabaki ngozi nyembamba ya fedha, ikiwa mpya utaapa ni fedha tupu. Ikishazunguka mikononi mwa watu ngozi inalika pale palipoinuka, kwa hiyo tai aliyechorwa kwenye sarafu yangu vichwa vyote viwili na kifua vyekundu ila katikati ya manyoya bado peupe kabisa, na mi hapo ndo napapenda kuliko zile zilizolala sandukuni hazijanunua hata mkate. Kwa hiyo ndimu na majivu yako unayosugulia vikuku zikae mbali, tafadhali.

Halafu 1858 wakabadili hesabu, gulden ikatoka kreuzer 60 ikawa 100, kwa hiyo sehemu ya kumi ya gulden ikawa kreuzer kumi, na kuanzia 1868 hiyo nayo fedha yake wakaishusha mpaka 400 kwa elfu, hapo wekundu unaanzia kwenye shavu la Kaizari Franz Joseph na ndevu zake. Za 1892 mpaka 1914, zile heller 20, visenti vya pesa iliyofuata gulden, ni nikeli, weka sumaku zinanasa, muuzaji akikuambia fedha muache na biashara yake.

Riale za kina bibi ndo nyingine kabisa, zile zenye sura ya malkia Maria Theresa, fedha 833 kwa elfu, hazina aibu yoyote. Ile ya bibi yako iliyotobolewa ikawa kidani bado ipo au ilishaenda kwa sonara? Kama ipo nipigie picha mbele, nyuma na ukingoni, ukingo una maandishi nataka niyasome.

Wasalimie wote hapo.