Dada wa kwenye daladala ya Mbagala, asante sana

Jamani dada yangu jina lako sikuuliza ila popote ulipo ujue nakushukuru kutoka moyoni. Ni mimi yule niliyekuwa nalia siti ya nyuma, siku 84 za likizo ya uzazi ndo zilikuwa zimeisha wiki ileile, mtoto nimemwacha kwa bibi yake na maziwa yamevuja mpaka blauzi imelowa yote mbele, naona aibu hata kushuka. Ukatoa khanga kwenye mkoba ukanifunika, hukuuliza kitu, afu ukaniambia taratibu, mdogo wangu, sheria ya ajira inakuruhusu hadi masaa mawili kwa siku muda wa kazi ukanyonyeshe, kamwambie bosi wako. Mi nilikuwa sijui kabisa! Kesho yake nikaenda kuomba mikono inatetemeka, nikakubaliwa. Sasa hivi saa saba natoka, namkuta mwanangu kashaamka, ananyonya huku kanishika kidole hataki kukiachia. Khanga yako nimeifua, natembea nayo kwenye mkoba kila siku, nikikuona tu nakurudishia. Mungu akutunze sana dada.