Maji ya kambi ya Nyiragongo hutoka wapi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu niwajibu wanaoisifu kambi ya watalii ya Nyiragongo, mlima wa volkeno ulio karibu na Goma, vile vibanda vilivyo ukingoni mwa kreta (shimo la kileleni) kwenye kimo cha karibu mita 3,470, kana kwamba ni mahali pasipo na jirani. Nilipanda huko mwaka 2019, tukianzia asubuhi kijijini Kibati, chini ya mlima, na kilichonikaa akilini kuliko hata lile ziwa la lava ndani ya kreta ni kijana aliyenitangulia, amebeba mgongoni kidumu cha njano cha lita 20 na juu yake mfuko wa makaa (sisi Goma tunasema makala), vyote vikishikiliwa na mshipi mmoja uliopita kwenye paji la uso. Huko juu hakuna chemchemi. Chai ya mgeni ilichemshwa kwa maji yaliyopandishwa na mgongo wa mtu.

Nilipomuuliza ameyachota wapi, alicheka: "Papa, haya tumeyanunua."

Teritwari ya Nyiragongo, yaani wilaya ya vijiji vilivyo chini ya mlima huo, haina mito. Mvua hunyesha sana, lakini mawe ya volkeno huyanywa maji papo hapo, hivyo wanakijiji hukinga ya mabatini, na yakiisha hununua kwa kidumu au hutuma watoto mbali. Ni watu hao hao ambao lava ya tarehe 22 Mei 2021 iliwateketezea nyumba, kisha ikasimama kabla ya kufika katikati ya jiji letu.

Utalii wa Mbuga ya Virunga, ambayo mlima huu umo ndani yake, uliposimamishwa mwaka 2018, baada ya Waingereza wawili kutekwa nyara, na tena mwaka 2020 kwa ajili ya Korona, wabeba mizigo walikosa kazi mara moja. Baadhi ya ninaowafahamu waliingia kwenye biashara ya makaa, na tusidanganyane, mengi ya makaa hayo hutoka kwenye miti ya mbuga ile ile tunayotaka ilindwe.

Sisemi kambi isiwepo. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya kuongeza hata kibanda kimoja kule juu, sehemu ya ada ya kupanda ijenge matangi ya kukinga mvua kwenye shule na zahanati za Kibati, na hesabu yake ibandikwe pale pale penye kituo cha kuanzia safari, wabeba mizigo waisome wakisubiri zamu.

Msomaji wenu,
Himbi, Goma