Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mechi ya kila mwaka, uchaguzi wa wawakilishi wa madarasa na hafla ya kuwakaribisha wageni vilikwenda salama. Katibu ameviandika kwenye kumbukumbu, sitavirudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililokula vikao vyetu vingi: msongo wa mawazo na sonona miongoni mwetu sisi tunaosomea uuguzi hapa Mombasa.

Mtu wa nje akisikia mwanafunzi ana msongo hufikiria mitihani. Mitihani imo, hasa ule wa Baraza la Wauguzi, maana bila kuupita hakuna leseni. Lakini waliokuja kwa kamati hawakuanzia hapo. Walianza na karo isiyokamilika na mkopo unaochelewa. Wakaja kwenye nauli ya kwenda mazoezini. Anayeishi Likoni na kupangiwa wodi kisiwani hutoka zamu ya usiku, akapanga foleni ya feri akisinzia, na mchana anatakiwa darasani. Mwezi wa Ramadhani hayo yote anayafanya na saumu yake. Usingizi unapokatikakatika wiki baada ya wiki, moyo nao huvurugika. Hilo tunafundishwa kuhusu wagonjwa, na tunalisahau kuhusu miili yetu.

Kisha kuna wodi yenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasaidia kumsafisha marehemu wake wa kwanza, anavuta pazia, halafu anaambiwa akapime presha kitanda cha pili. Hakuna anayemuuliza kitu. Akikosea kuandika chati jioni ile, anagombezwa mbele ya wagonjwa. Wapo wauguzi wanaosema nao walilelewa hivyo hivyo na hawakufa. Naheshimu umri wao na kazi yao, ila hoja hiyo siikubali: hatuwajui wale walioacha masomo kimyakimya njiani. Na akirudi nyumbani, mtaa mzima umeshamfanya daktari. Jirani analeta presha, shangazi analeta sukari, na hakuna anayedhani kwamba mwenye kipimo naye yuaumwa.

Mganga hajigangi, walisema wazee. Hapa kwetu tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu hata kwa mganga mwingine mwanafunzi anaogopa kwenda. Kitengo cha afya ya akili kipo hospitali ya Port Reitz, na baadhi yetu tumefanyia mazoezi huko huko. Nani atakaa kwenye benchi la wagonjwa mahali ambapo jana alishika faili? Vyuoni nako, mara nyingi anayepewa kazi ya kutusikiliza ni mkufunzi yule yule anayetia saini kitabu cha mazoezi na kutoa alama. Awe mwema namna gani, mwanafunzi hatamwambia kwamba hali chakula, kwamba analia chooni kabla ya zamu. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye fundo. Mihadhara ya kuhimizana tumeshaipata ya kutosha, na wasemaji wake kwa kawaida huondoka kabla ya maswali.

Kamati ilijadili kutumia ule mtihani mfupi wa maswali 9 tunaoujua wote, PHQ-9 wa kupima dalili za sonona, unaouliza hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na anayefikisha 10 au zaidi anastahili kuonwa na mtaalamu. Wengine walitaka tuugawe siku ya mapokezi, karatasi zikusanywe. Nilipinga, na kamati ikaniunga mkono. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na huwezi kumuuliza mtu swali hilo ukumbini kisha usiwe na mtu wa kulipokea jibu lake. Tulikubaliana kila mmoja ajijazie faraghani, karatasi ibaki kwake, na aelezwe pa kwenda. Aliye katika hatari asingoje kikao cha kamati: laini ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na idara ya dharura ya hospitali hailali.

Wapo waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa polisi. Wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Aibu ya mtaani haiondolewi na jaji, lakini hofu ya pingu tusiendelee kuibeba.

Kilichofaulu mwaka huu ni kidogo na hakikugharimu pesa nyingi. Wa mwaka wa tatu waliandamana na wa mwaka wa kwanza katika wiki zao za mwanzo wodini, wakikaa nao baada ya zamu, kwa chai na mahamri, kuzungumza yaliyotokea. Hawakuwa washauri na hawakujifanya washauri. Waliposhindwa walielekeza kwingine. Utaratibu huu ulilegea wenyewe walipoanza kujiandaa kwa mtihani wa leseni, kwa hivyo mwakani tutaushirikisha pia mwaka wa pili.

Naomba kikao kipitishe maazimio mawili. La kwanza, tuviandikie vyuo tukiomba msikilizaji wa wanafunzi asiwe mtu anayetoa alama. La pili, sehemu ya ada ya uanachama itengwe kwa nauli za wanaotoka zamu za usiku. Mweka hazina atasoma hesabu sasa, kisha tupige kura.